Bao Lisilo na Alama

Kule Muheto, kabla ya watu kukimbia vita, hakuna aliyegeuza bao la Nzabandora kulikagua. Ukiona mikato mitatu ukingoni, alama yake, ulilibeba tu ukaenda zako. Alichonga mabao ya kisoro, ule mchezo wa kete, mashimo laini, kete zinateleza zenyewe. Siri yake haikuwa siri: gogo lilikaa juu ya uchaga wa jikoni, kwenye moshi wa mafiga ya mkewe Libérata, msimu mzima wa mvua, ndipo likaguswa na tezo.

Kisha vita. Kambini Kashuga hapakuwa na uchaga. Palikuwa na turubai na njaa. Nzabandora akachonga mti mbichi, akatia alama yake, akauza. Wachezaji walinunua bila kugeuza, kama zamani. Kiangazi kilipoingia, mabao yakapasuka katikati na kete zikapotelea mchangani. Watu walicheka kwanza, kisha wakakasirika, na hasira ya mcheza kisoro aliyekosa ushindi usiiombe.

Vita vilipotulia kidogo, wakahamia Mushaki. Libérata akapata jiko la kweli, magogo yakarudi kwenye moshi. Mabao yaliyotoka humo yalikuwa mazuri kuliko ya Muheto, na mimi simpambi. Siku ya soko akayapanga kando ya barabara. Wanaume walipapasa mbao, wakatabasamu, wakafika kwenye mikato mitatu, mkono ukarudi.

“Haya njo ya Nzabandora? Hapana, Papa. Inapasukaka.”

Watu husema kizuri chajiuza. Waje wakiuze Mushaki. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, sawa, lakini inachosha kuwa huo unyasi. Kila soko alirudi na mabao yote mgongoni, na watoto walimtazama mikono kabla ya uso.

Kavira, mama wa mji wa Butembo mwenye duka hapo barabarani, alimhurumia.

“Papa, kazi yako iko muzuri. Jina njo iliharibika. Chonga bila alama, mimi nitauzisha. Batu batazania inatoka Butembo.”

Nzabandora alikataa. Usiku huo Libérata hakugombana naye. Aliuliza tu, “Batoto banakulaka alama?”

Basi akachonga. Alipomaliza, mkono wenyewe ulikwenda ukingoni na kisu, akaurudisha.

Bao halikumaliza siku dukani. Hubert, mfuga ng'ombe aliyehamia karibuni, alilinunua akaketi nalo palepale barazani. Akakosa mpinzani, akamwita mzee aliyekuwa anapita.

“Papa, kuya tucheze.”

Mzee huyo alikuwa Nzabandora. Akaketi. Vidole vyake vilijua kila shimo, akala kete mpaka watu wakajaa kutazama. Hubert alishindwa akacheka, akaligonga bao kwa upendo.

“Munaona kazi hii? Nasikiaka kuna Nzabandora moja, mabao yake inapasukaka. Angekuya kujifunza hapa!”

Baraza zima likacheka, hata waliomjua mzee. Ndani ya duka, Kavira aliendelea kupanga sabuni zilizokwisha kupangwa.

“Na fundi wa hii iko nani?” Hubert akauliza.

Nzabandora alipitisha kidole ukingoni, mahali palipokuwa patupu. Ilimuuma, na alikuwa amechoka mno hata asiweze kuumia vizuri.

“Simujue,” akasema. “Cheza, Papa Hubert. Ni zamu yako.”