Nyota za Shati la Milia

“Mwaitu, mbona nyota zako zina milia ile ile ya shati la baba Lois?”

Swali hilo Katuku, jirani wa ukuta mmoja, alimuuliza Nthambi, akimwita mama kwa Kikamba, mbele ya kina mama waliokuwa wakingoja treni pale stesheni ya Voi, kila mmoja na sinia yake. Aliuliza kwa kucheka, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya. Wenzake wakacheka. Nthambi naye akacheka. Kisha akafunika kikapu chake kwa leso, akasema kichwa kinamgonga, akaenda zake nyumbani kabla treni haijaingia.

Hiyo ilikuwa Novemba. Tangu siku ile hajapeleka tena stesheni nyota zake za kitambaa.

Leo ni Jumamosi, Februari 1975. Jua la Voi halijapanda sawasawa, lakini Nthambi, mjane wa Mulei, baba Lois, aliyekuwa fundi wa reli, ameshainamia sufuria nyuma ya chumba anachopanga. Anayeyusha sukari kwa moto mdogo. Njugu alizikaanga jana na kuzipepeta maganda. Sukari inapogeuka rangi ya asali anazimwaga zote kwa mpigo, anakoroga, anamimina juu ya ubao uliopakwa mafuta, anakata vipande haraka haraka.

“Kashata haingoji mtu,” anasema. “Ukienda kumfungulia mgeni mlango, ukirudi imekuwa jiwe.”

Mgeni anayengojewa leo ni Makau, ndugu mkubwa wa marehemu, mkulima wa ndizi Taveta. Anakuja kwa jambo moja. Mwaka umetimia tangu Mulei azikwe, na katika ukoo wao nguo za marehemu hukaa kwa mjane mwaka mzima, zimefuliwa na kukunjwa kwenye sanduku la bati, ndipo ndugu huja kuzigawana. Mjane ndiye mlinzi wa sanduku. Ruhusa yake ni kulifungua abadilishe majani ya mwarobaini, wadudu wasile nguo. Basi.

Nthambi alilifungua kwa sababu nyingine.

Kazi ya kushona mapambo alifundishwa na mke wa mwalimu mmoja wa Bura, wakati mwanawe Lois bado yuko mgongoni. Anapima umbo kwa kipande cha boksi la majani chai, anakata nyuso mbili, anazishona kinyume, kisha anazigeuza na kusukuma kila ncha kwa mwiba wa mgunga mpaka ichongoke. Ndani anajaza sufi. Anashona ndege pia, na samaki, na mioyo, lakini zinazokwenda ni nyota. Edith, muuzaji wa duka la hoteli moja kwenye njia ya mbugani, huzichukua kwa shilingi moja moja.

Vitambaa alivipata kwa mafundi cherehani wa barazani. Aliwafagilia chini ya vyerehani, na alichofagia kikawa chake. Mwaka jana kila kitu kikapanda bei. Mafundi wakaanza kuokota vipande wenyewe na kuvijaza kwenye mito, na Nthambi akabaki na ufagio. Edith naye alikuwa ametuma neno kwamba anataka nyota za Krismasi, tena nyingi. Kashata za siku njema zilimpa shilingi sita, na sita hizo ziliishia kwenye unga na mafuta ya taa.

“Nilijiambia nakata pindo la nyuma tu, lile linalochomekwa ndani ya suruali,” anasema. “Nani huliona? Hata yeye akiwa hai hakuna aliyeliona.”

Baada ya shati la milia likafuata jeupe. Ikafuata mifuko ya suruali, maana mifuko ni kitambaa kizuri, hakijapigwa jua. Mwisho lilikuja koti la harusi, la sufu nyeusi. Hilo alilifumua bitana yake yote, kile kitambaa cha ndani, cha kung'aa, rangi ya damu ya mzee. Edith alisema nyota zile ndizo wageni walizogombania.

Kila nguo ikarudi sandukuni imekunjwa vizuri. Ukiinua kifuniko unaona kola, mabega, vifungo. Huoni kosa.

Na hilo hasa ndilo linalomchoma. “Ningekata ovyo, watu wangesema ni njaa,” anasema, macho yake kwenye ubao. “Lakini mimi nilichagua. Nilikata kama mwizi anayeijua nyumba. Hata askari wa msalabani waliiacha kanzu ya Bwana nzima.”

Tangu mwaka mpya anakaa benchi la nyuma kanisani. Zamu yake ya kuongoza sala ya kina mama amempisha mwingine, akisingizia kikohozi. Anasema si kwamba anamwogopa Mungu. Anaona haya kumwita kwa sauti watu wakisikia.

Lakini leo haya peke yake si kitu. Baada ya Pasaka wageni wanakuja kumposa Lois, binti yake wa pekee, na Makau ndiye wa kukaa kwenye kiti cha baba na kuwapokea. Makau akikataa kuingia tena nyumba hii, Lois atasimama mbele ya wageni kama mtoto asiye na kwao.

Katuku anapita na ndoo ya maji kichwani, anasimama bila kuitua. Ushauri wake aliutoa jana na juzi, na leo anaurudia: zifungwe nguo kwenye shuka, shemeji apewe furushi lake, asindikizwe stesheni. Akilifungua huko Taveta, mbali ni mbali.

“Mungu ameshajua, mwaitu,” anasema. “Shemeji yako naye ajue, ili iweje?”

Nthambi anapanga kashata kwenye sinia, moja moja.

Makau anafika jua likiwa utosini, mkungu wa ndizi begani. Ni mtu mrefu, mpole. Anaomba sala fupi mlangoni, anamuulizia Lois, anaambiwa ameenda sokoni. Anasema joto la Voi ni la kumfanya mtu aungame hata dhambi za jirani. Anacheka mwenyewe, na Nthambi anageuka kutafuta vikombe.

Halafu Makau anaeleza alivyofikiria mgawo. Mashati yaende kwa vijana wake, suruali kwa mdogo wao wa Kishushe. “Koti nitalivaa mimi, siku ya wageni wa Lois,” anasema. “Nataka wamuone Mulei amesimama mlangoni.”

Nthambi alikuwa na maneno yake. Ameyapanga wiki nzima, ayaseme kabla kifuniko hakijainuliwa. Sasa anamimina chai, na chai inafurika kwenye kisahani.

Makau analifungua sanduku mwenyewe. Anainua koti, anakung'uta majani makavu, anavaa. Linamkaa mabegani kana kwamba alipimiwa yeye, naye anatabasamu kama kijana. Kisha mkono wake unaingia kifuani kutafuta mfuko wa ndani. Unapapasa, unarudi, unapapasa tena. Anafungua koti na kutazama. Nyuzi zinaning'inia.

“Panya,” anasema polepole, kwa sauti ya mtu anayemsitiri mwenyeji wake. “Panya wa reli hawana adabu, shemeji. Hata kwetu walikula kofia ya mzee.”

Njia imefunguliwa, pana, na aliyeifungua ni Makau mwenyewe. Nthambi angetikisa kichwa tu, wangenywa chai.

“Si panya, shemeji,” anasema. “Ni mimi na mkasi wangu.”

Anatoa shati la milia, analitandika mezani, analigeuza mgongo. Anatoa jeupe. Anaingiza mkono kwenye mfuko wa suruali mpaka vidole vinatokea upande wa ndani, Makau aone. Hataji bei ya unga. Hamtaji Edith. Anasema tu, hapa nilikata, na hapa, na hapa.

Makau anakaa chini akiwa na koti mwilini. Chai yake inashika utando. Nje, ungo wa Katuku umeacha kupepeta.

“Vitambaa vyenyewe viko wapi?” anauliza hatimaye.

“Nilishona nyota, nikauza. Wazungu wamekwenda nazo kwao.”

“Za nini?”

“Za kutundika kwenye miti yao ya Krismasi.”

Makau anashika nyuzi zinazoning'inia kifuani. “Basi ndugu yangu ananing'inia kwenye miti ya watu nisiowajua,” anasema.

Hakuna hasira katika sauti yake. Ingekuwepo, Nthambi angejua pa kushika. Anajifuta uso kwa ncha ya leso, anaiteremsha tena, maana anaona hata kujifunika ni kujificha.

Ndipo anasema alichobakiza, neno kwa neno, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Hatashona nyota nyingine mpaka nguo hizi ziwe nzima. Fedha ya kashata, itakayobaki baada ya unga, itanunua kitambaa kipya dukani, cha mita, kisicho cha marehemu yeyote. Atarudisha mapindo, atarudisha mifuko. Ataanza na koti.

“Rangi ile sitaipata, na mshono utaonekana,” anasema. “Acha uonekane. Ukitaka kwenda nalo kama lilivyo, sitakulaumu, nami nitamweleza Lois kwa kinywa changu kwa nini kiti cha baba yake kiko wazi. Ukiliacha, kabla ya Pasaka utalikuta na bitana.”

Makau anasimama. Anaangalia mlango, anaangalia mashati yaliyolala mezani yakionyesha migongo. Anatoa mkono mmoja kwenye koti, kisha wa pili. Analikunja, upande wa nyuzi ukiwa nje, analiweka mezani kando ya mkebe wa sindano.

Anachukua kofia yake, anainama kupita mlangoni, anatoka.