Tulivyodai fidia ya baba kwa jina la mdogo wake

Wakuu, hamjambo humu ndani. Ningewaamkia wakubwa, ila nakaribia miaka tisini na sijui kama yupo wa kuipokea hiyo shikamoo.

Nimesoma uzi wa yule dada aliyefiwa na kaka yake kazini, anayeuliza aanzie wapi kudai fidia. Wengi mmemjibu, "sema chochote ulipwe." Nimekasirika. Ninayoandika hapa yalinipata mwenyewe, na chumvi sikutia.

Ilikuwa miaka ya arobaini, vita vya wazungu vimekwisha juzi juzi. Sisi ni watu wa Kaloleni, Wakristo, tumepanga chumba Kisauni. Baba yangu, Charo, alikuwa kibarua wa kupakia mbao kwenye yadi moja Changamwe.

Rundo la mbao lilimwangukia asubuhi. Wenzake walisema kamba ilikuwa imeoza na walishalalamika. Tulipofika, tayari amefunikwa gunia.

Kesho yake tukamzika huko huko Changamwe. Msalaba ulitoka kwa kampuni. Nilikuwa nimeanza shule ya misheni, nikasoma jina lililoandikwa: Katana.

Katana ni baba mdogo wangu. Alikuwa amesimama pale pale kaburini, mzima wa afya.

Niwaeleze vijana. Enzi zile mwanamume Mwafrika hapati kazi bila kipande, karatasi yenye jina na alama za vidole, anaining'iniza shingoni ndani ya kikopo cha bati. Baba alikuwa ametoroka shamba la katani, kipande chake kikabaki kwa tajiri. Basi akaazima cha Katana, ambaye alikuwa analima nyumbani na hakuwa na haja nacho.

Ndugu wengi walifanya hivyo. Hakuna aliyewaza habari za kufa.

Mama akaenda ofisi ya serikali inayoshughulikia fidia kusahihisha jina. Karani alikuwa na huruma, akamweleza taratibu: aliyefanya kazi kwa kipande cha mwingine ana kosa, na mjane wake hana dai. Kitabuni aliyekufa ni Katana. Mke wa Katana akija, atalipwa.

Na Katana hakuwa ameoa.

Hapa muelewe shida ya mama. Kwetu mjane alirithiwa na ndugu wa marehemu. Mama alikuwa amekataa mbele ya wazee, akasema atabaki Kisauni alee wanawe mwenyewe. Bila fidia hiyo angewalea kwa kitu gani? Akamwomba Katana amwazime jina mara ya pili. Katana akakubali, hata hakuuliza maswali.

Wiki nzima mama alinifundisha la kusema. Mbele ya afisa mzungu, karani akaniuliza, "Baba yako ni nani?"

"Katana," nikasema.

Afisa akaandika, mama akatia dole gumba. Tulipotoka aliketi chini nje ya mlango akalia mpaka askari akatuondoa.

Fidia ilitoka. Mama akaanza kuuza mahamri, na kwa miezi michache tukapumua.

Halafu Katana akaja na kifurushi chake. Mvua ilikuwa imekataa, mahindi yamekauka, akaenda kuomba kipande kipya atafute kazi. Wakapekua kitabu, wakamwambia mtu huyo alishazikwa, sasa yeye ni nani? Akakimbia.

"Shemeji, sina jina tena," alimwambia mama. "Kazi sipati, na askari akinisimamisha sina la kumwambia. Kwenye karatasi ya serikali wewe ndiwe mke wangu. Niende wapi?"

Mama angemfukuza vipi mtu aliyezikwa kwa ajili yake? Akamtengea chakula.

Hakuondoka tena. Hakuwa mtu mbaya, wakuu, na hilo ndilo linaloniuma. Mama alirithiwa bila hata kikao cha wazee. Kanisani wakamtoa kwenye meza ya Bwana, asishiriki tena mkate na divai, na kufunga ndoa hawakuweza, maana bwana harusi alikuwa marehemu. Mama alikaa viti vya nyuma mpaka alipofariki.

Kwa hiyo dada, tazama kwanza jina la kaka yako kwenye kitabu cha mwajiri. Usitie sahihi karatasi usiyosomewa. Ukikuta jina halilingani, nenda kwa wakili, siku hizi kuna viapo vya kurekebisha. Lakini dai kwa ukweli, hata kama utanyimwa.

Mimi mpaka leo kitambulisho changu kinasema Dama Katana. Kama kuna mwanasheria humu, au yeyote aliyepitia haya, naomba aandike hapa chini: je, inawezekana nikazikwa kama binti wa Charo? Sidai shilingi ya mtu. Niliulizwa mara moja tu baba yangu ni nani, na hakuna aliyeniuliza tena.