Isale Halinyooshi Chuma

Mimi sikusoma. Nalisema hili mapema ili anayetaka kuniacha aniache hapa hapa. Darasa la saba nililimaliza kwa kusukumwa, nikabeba magunia Himo, nikajifunza kuchomelea kwa kumtazama fundi ambaye hakutaka nimtazame. Leo mimi ndiye ninayekagua raki za maghala kuanzia Moshi mjini mpaka Tarakea. Raki ni yale mashelfu ya chuma marefu, mzigo unapandishwa kwa foklifti mpaka karibu na bati. Wapo wengine wanaojiita wakaguzi. Wanapita wakimulika kwa tochi ya simu, wanakunywa soda ya mwenye mali, wanaondoka. Mimi natembea na timazi, nyundo ndogo na macho yangu mawili, na hakuna raki niliyoipitisha mimi ikaanguka. Nyumba yangu ya Shirimatunda ni ya ghorofa, mjue.

Nikimaliza kukagua nabandika kibandiko. Cha kijani, pakia. Cha njano, punguza mzigo. Chekundu, pakua wote na watu watoke chini yake. Kazi yenyewe ndiyo hiyo. Shida ni kwamba wenye maghala wengi wanadhani kibandiko ndicho kinachoshika mzigo.

Kaka yangu, mkubwa wangu tuliyetoka naye tumbo moja, ana ghala Himo. Anaweka mahindi, maharage na mafuta ya kula, na ikikaribia Desemba anajaza mchele kwa ajili ya wale wanaorudi nyumbani Krismasi. Raki zake alinunua mitumba, kwenye kiwanda kilichofungwa. Mwaka juzi mteja wake mmoja mkubwa alikataa kuweka mzigo pale bila kibandiko, ndipo kaka akakumbuka kwamba ana mdogo wake.

Niliingia nikiwa na furaha, sitaficha. Kukagua ghala la kaka yako mkubwa si jambo dogo kwa mtu aliyekuwa akivaa kaptula zake zilizochakaa. Nikafika nguzo ya kona. Foklifti ilikuwa imeigonga, imepinda karibu na sakafu kama goti la mtu anayetaka kukaa. Na pembeni yake kulikuwa na gongo la mti lenye panda, lile lile tunaloegemezea mgomba.

"Kaka, hiki nini?"

"Si unaona? Mgomba ukizidiwa na mkungu unafanyaje? Unauegemeza. Nimeegemeza."

Alisema hivyo kwa uso mkavu kabisa. Gongo alilitoa kihambani, kwenye migomba ya nyumbani, akalikata mwenyewe, na alijivunia. Juu ya nguzo ile kulikuwa na mchele mpaka darini. Chini yake walikaa kina mama wanaochambua maharage, miguu wameinyoosha, mmoja ameegemea lile gongo.

Nikagonga nguzo, nikasikiliza. Yule aliyeegemea akanitazama.

"Baba, na wewe kwa kugongagonga tu hivyo unalipwa?"

"Nalipwa, mama. Nyie je, mnalipwa kwa kukaa kaburini?"

"Mae! Tuko hapa tangu masika, mbona halijatufukia? Labda linakusubiri wewe mwenye tumbo."

Wakacheka wote, na mimi nikacheka. Kisha nikabandika chekundu.

Kaka alikuja mbio. "Nipakue mzigo wote huu? Niuweke wapi, kichwani kwako?"

"Hata barabarani. Pakua, badilisha nguzo, nitakuja mwenyewe kukubandikia kijani."

"Si wewe fundi wa kuchomelea? Inyooshe."

"Nguzo ya raki ikipinda hainyooshwi, kaka. Ukiipasha moto umeimaliza."

Akakibandua kile kibandiko mbele ya vibarua wake, akakifinyanga, akakitupa. "Mimi ndiye niliyekufundisha kufunga kamba za viatu. Leo unanipa mimi kadi nyekundu?"

Nikawageukia wale kina mama, nikapaza sauti: "Mama zangu, inukeni. Huyu atawaua."

Hilo neno ndilo lililoharibu. Kubanduliwa kibandiko ningelimeza. Lakini kumwita mkubwa wako muuaji mbele ya watu anaowalipa, hilo kwetu halipiti. Alinifukuza kwa matusi ya Kichagga ambayo siwezi kuyaandika, yalimgusa hata mama aliyetuzaa sote wawili.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, nilikuwa kwa mama, huko juu Marangu. Tunakula mtori wa ndizi, baba mdogo yupo, kaka akaingia ameshika jani la isale limefungwa fundo.

Watu wa kwetu hawahitaji kuelezwa. Kwa wengine niseme tu kwamba ukiletewa isale lenye fundo umeombwa msamaha, na hulikatai. Watu wamesameheana hata damu kwa jani hilo. Nami nilipomwona mkubwa wangu ameinama mbele yangu, mtu asiyewahi kumwinamia yeyote, moyo uliyeyuka. Nikanyoosha mkono nipokee.

"Basi yameisha," akasema. "Kesho upite Himo ukaniwekee kile cha kijani."

Mkono ukaganda hewani.

"Nguzo umebadilisha?"

"Tunaongea undugu hapa, wewe unaleta nguzo!"

Baba mdogo akaweka kijiko chini. "Pokea, mbe. Isale haliwekewi masharti."

"Baba mdogo, matusi yake nimeyasamehe yote, na mimi neno langu anisamehe. Lakini hili jani ananiletea mimi au anailetea raki? Maana chuma hakijui Kichagga."

Hakucheka mtu. Mama alikuwa ameshika kanga yake mdomoni. "Pokea, mwanangu," akasema taratibu. "Usiniache nife na jambo hili."

Nimepigwa ngumi, nimebeba magunia nikiwa na homa, hakuna lililowahi kuniuma kama lile. Kaka bado alikuwa ameinama. Nikaurudisha mkono wangu. Akaliweka isale mezani, katikati ya mabakuli, akatoka bila kuaga.

Baada ya wiki nikasikia ameleta mkaguzi mwingine, wa Arusha, na kijani kimebandikwa. Nilikwenda, mlinzi akasema ameambiwa nisiingie. Nikasubiri nje mpaka yule mama wa utani akatoka kununua maandazi. Nikamwambia wakae ukuta wa mlangoni, mbali na kona.

"Mlangoni kuna upepo, baba."

"Upepo hauui, mama."

Alinitazama, safari hii bila utani, akaitikia kwa kichwa. Walihama kweli. Siku chache tu: upepo ukapeperusha makapi mpaka kwenye mchele, kaka akafoka, wakarudi chini ya kona yao.

Desemba watu wakapanda nyumbani kama kawaida, magari yamejaa mpaka kwenye migomba. Mbuzi akachinjwa, nyama ikagawanywa juu ya majani ya mgomba, kila mmoja kwa nafasi yake katika ukoo. Nilikaa kwenye benchi nikisubiri kipande changu kitajwe. Majani yakabaki matupu. Binamu yangu mmoja akapita na bakuli la kisusio, ile supu ya damu ya mbuzi. "Mkaguzi, wewe si unakula vyuma?" Wakaangua kicheko, na kaka akajibu kwa sauti ya kusikika: "Raki imesimama, jamani. Mwaka huu nimeiongezea mzigo." Mama alikuwa jikoni. Hakutoka.

Mimi, ambaye nusu ya kijiji kile nimewachomelea mageti bure!

Nikishuka Himo kwa kazi zangu napunguza mwendo pale ghalani, natazama bati. Mke wangu ananiambia naombea ndugu yangu mabaya. Labda. Natamani ianguke, naandika wazi. Ianguke Jumapili, wakati wa ibada ya pili, foklifti imezimwa, wale kina mama wako kanisani wanaimba, mlinzi yuko getini na chai yake. Ianguke yote na mchele wake. Na kama haiwezi kuchagua siku, basi isimame, isimame hivyo hivyo miaka yote, na mimi niwe yule mtu aliyekataa isale.