Siku Ua la Plastiki Lilipopatikana na Ugonjwa

"Mimi nikisema mmea unaumwa, hata mmea wenyewe hauna haki ya kubisha!"

Fundi wa maabara aliyatamka hayo mbele ya wakulima mia mbili, mkono mmoja mfukoni, mwingine umekaba kipaza sauti kama shingo ya kuku. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Tangu siku hiyo akaitwa Mwisho wa Ubishi, naye akalipokea jina kama mtu aliyechelewa kuletewa mzigo wake.

Si kwamba hakuwa na ujuzi. Alikuwa nao, na ugonjwa aliokuwa akiuwinda si wa mchezo. Fitoplazma ni kijidudu kisichoonekana hata kwa darubini ya kawaida. Hujibanza ndani ya mishipa inayopitisha chakula cha mmea, na wadudu wafyonza utomvu ndio wanaokibeba kutoka shamba hadi shamba. Kikishaingia, majani hugeuka njano, matawi husongamana kama ufagio, na ua hukataa kuwa ua, likajigeuza jani. Lakini hata mmea wenye njaa ya mbolea hugeuka njano. Kwa hiyo jani husagwa, vinasaba hutolewa na kuzidishwa kwenye mashine mara mbili, kisha hutazamwa kwenye jeli chini ya taa ya buluu. Mstari ukiwaka, mmea ni mgonjwa. Usipowaka, nenda kanunue mbolea.

Mwaka huo mistari iliwaka kuliko taa za uwanja wa mpira. Ufuta mgonjwa, mihogo migonjwa, mipapai ndiyo usiseme. Mkurugenzi wa maabara alichekelea kama muuza miavuli anayeona wingu. Ugonjwa ukienea, ripoti hunona. Ripoti ikinona, mradi huja. Na mradi hauji kwa miguu, huja na gari jipya.

Ndipo mama mdogo wa fundi akaleta majani sita kutoka kwenye bustani yake ya miche ya maua. Majani sita, mistari sita. Amri ikatoka: miche yote elfu mbili ichomwe kabla ya Ijumaa jioni. Bustani hiyo ndiyo iliyomsomesha Mwisho wa Ubishi, na mama mdogo hakuwa na nyingine.

Jumatano asubuhi aliingia mapokezi na viatu vyenye udongo.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Yaani hata mche uliochipua juzi unaumwa? Umeambukizwa lini, tumboni?"

"Mashine ndiyo imesema."

"Mashine! Ulipokuwa unakojoa kitandani, mashine ilikuwa inaanika godoro?"

Karani wa mapokezi akainamia daftari, mabega yakimtikisika.

"Mama, hii ni sayansi."

"Haya, sayansi ipime na hilo." Alinyoosha kidole kwenye meza ya karani, palipokaa ua la plastiki ambalo lilikuwa na miaka tisa halijaonja maji.

"Hilo ni plastiki, mama."

"Nina macho. Nataka kusikia mashine inasemaje. Au unaogopa?"

Angecheka, yangeisha. Lakini sifa ni mzigo, na mwenye nao hutaka uonekane. Akakata kipande cha ua, akakikwangua, akakipitisha hatua zote kama muhogo wa mtu. Majibu yalikuwa tayari kesho yake asubuhi.

Ua la plastiki lilikuwa na ugonjwa. Tena mahututi.

Fundi akakimbilia kompyuta yenye picha za jeli. Kila kipimo huwa na kitundu kimoja cha maji matupu cha kulinganishia, na hayo maji hayatakiwi kuwaka hata siku moja. Mstari wa maji hukaa pembeni kabisa mwa picha, na mkurugenzi alikuwa akiukata ukingo huo ili ripoti ipendeze. Fundi naye, tuseme ukweli, aliacha kuutazama siku aliyopigiwa makofi. Akafungua picha nzima, moja baada ya nyingine. Maji yalikuwa yanaumwa miezi mitatu mfululizo. Vitone visivyoonekana vya sampuli gonjwa vilikuwa vimeingia kwenye pipeti, kile kifaa cha kunyonyea na kupimia matone, na pipeti ikawa inavigawa kwa kila sampuli bila ubaguzi.

Akaenda kwa mkurugenzi.

"Nani alikutuma upime plastiki?"

"Mama mdogo wangu, bosi."

"Ni mwanasayansi?"

"Hapana. Ndiyo maana aligundua."

Mkurugenzi akavua miwani. "Plastiki haimo kwenye orodha ya mimea tunayohudumia. Majibu hayo hayapo."

"Na maji?"

"Maji nayo si mmea. Amri nimeshasaini, kijana. Kazi ni yako, mdomo ni wako. Chagua kimoja."

Alasiri ile ile wakulima walikuwa na mkutano, ukumbi ule ule. Mwisho wa Ubishi akaomba kipaza sauti, na safari hii alikishika kwa mikono miwili.

"Ua la plastiki la mapokezi yetu linaumwa," alisema.

Walicheka mpaka viti vikalia. Akawaacha wacheke, kisha akaeleza habari ya maji. "Majibu yote ya miezi mitatu ni batili. Kosa ni langu. Asichome mtu hata jani."

Mkulima mmoja wa mapapai akasimama nyuma kabisa. Hakupaza sauti. "Na sisi tuliokwisha kuchoma?"

Mwisho wa Ubishi akakirudisha kipaza sauti mezani.

Amri ilifutwa. Fundi akahamishiwa stoo kuhesabu chupa, ila kwanza alilazimishwa kurudia vipimo. Alisugua meza kwa klorini, akatenga vyumba, akanunua ncha mpya za pipeti kwa mfuko wake. Maji yakanyamaza. Katika majani sita ya mama mdogo, matano yalikuwa mazima. La sita, kutoka kwenye ua lenye petali za kijani ambalo mama mdogo alilisifu kama aina mpya, lilikuwa gonjwa kweli. Mama mdogo aling'oa mwenyewe miche ya aina hiyo, vyungu arobaini, akaichoma.

Mkulima wa mapapai hakuwa na cha kuleta kipimwe. Miti yake mia tatu na kumi ilikuwa majivu.

Ncha zile zina kichujio kinachozuia vitone visipande kwenye pipeti. Kabla ya haya yote fundi alikuwa ameziomba mara nne, na mara nne mkurugenzi alizikata kwenye bajeti akisema ni ghali. Boksi moja, ncha tisini na sita, ni shilingi elfu thelathini na mbili.