Programu Isiyoona Chini ya Nyumba

Nilikuwa nangoja fotokopi zangu kwa mchora ramani mmoja pale Dilala, na mama mmoja wa mtaa wa Kasulo alikuwa mbele yangu, anasokota ncha ya kitenge. Kampuni ya mgodi inawahamisha watu wa huko, na nyumba isiyo na ramani inalipwa kama kibanda. Mchora ramani akafungua kompyuta yake ya Linux.

"Mama, niko na programu mbili. Ya bure inachora kuta na milango, basi. Ya kulipia kidogo inaonyesha nyumba yote, mpaka chini."

"Mpaka chini?"

"Ndiyo, mama."

Mama akatazama mlangoni, akashusha sauti. "Tata, bwana yangu alichimba cobalt chini ya salon, pale tunapokea bageni. Batu ba kampuni bakiona ile shimo, batasema nyumba ni ya kuanguka, habatalipa kitu. Tumia ya bure."

"Nyufa ziko?"

"Zinafika ku dirisha."

"Na batoto banalala wapi?"

"Mu salon."

Mchora ramani akafungua ile ya bure, akachora. Sakafu ikatoka safi kama sahani ya wageni. Mama akaikunja ramani, akarudi kulala juu ya shimo lake akingoja kufukuzwa. Nami, niliyewalaani wafukuzaji maisha yangu yote, nikajikuta naomba Mungu wafanye haraka.