Bado Vifungo Tu

Mtaani walimwita Bi Kesho, na tusimwonee huruma, jina alilitafuta mwenyewe. Alikuwa fundi cherehani wa miaka ishirini na mbili kazini, mwenye mkono mzuri kuliko wote barabara ile, lakini ukimpelekea kitambaa ujue umempelekea na roho yako. "Njoo kesho." Kesho ukienda: "Njoo jioni." Jioni ukienda anakutazama bila kupepesa, anakwambia, "Karibu imekwisha, bado vifungo tu." Na kitambaa chako kiko chini ya meza, ndani ya mfuko uleule uliokuja nao, hakijaonja mkasi.

Mafundi wengi husema hivyo. Yeye alisema kwa ufasaha zaidi.

Sasa, Bi Kesho alikuwa na mdogo wake wa kiume, fundi vitasa, aliyemlea mwenyewe tangu mama yao alipofariki. Mdogo mtu alitengeneza kufuli la ghala moja na ufunguo wake. Mwezi uliofuata ghala likaibiwa, kufuli halikuvunjwa, na polisi wakaona hakuna wa kushukiwa ila aliyeutengeneza ufunguo. Dhamana ilitaka wadhamini wawili wenye hati za nyumba, na ukoo wao mzima ni wapangaji. Basi akakaa mahabusu kungoja kesi yake. Akangoja mwaka mmoja na miezi kumi.

Kila baada ya siku kumi na nne Bi Kesho alifunga duka, akaenda kukaa benchi la nyuma mahakamani. Karani anasoma namba ya kesi. Mdogo wake anasimama kizimbani. Mwendesha mashtaka anainuka nusu, anasema, "Mheshimiwa, kesi imekuja kwa kutajwa. Upelelezi haujakamilika. Tunaomba tarehe nyingine." Hakimu anatoa tarehe. Mdogo mtu anageuka, ananyoosha mikono, askari anamtia pingu, wanaondoka. Muda wote huo hautoshi kutunga uzi kwenye sindano.

Mwanzoni alidhani kutajwa ndiyo kesi yenyewe. Majirani wakimuuliza vipi, anajibu, "Leo imetajwa," kama mtu aliyepiga hatua. Aliyemfumbua macho ni mama mmoja wa benchi lile, mwenye mume ndani. "Shoga, usijidanganye," alimwambia. "Kutajwa si kusikilizwa. Hata marehemu hutajwa."

Maneno yale yalimchoma. Lakini afanye nini? Alilia, akaomba, akamfuata karani mpaka ngazini, akaambiwa avute subira. Subira yenyewe ilishavutika mpaka imekuwa uzi.

Mara ya arobaini na sita, mwendesha mashtaka akaja na jipya. "Mheshimiwa, upelelezi umefika hatua za mwisho. Kimebaki kitu kidogo tu."

Watu wa benchi wakashusha pumzi. Bi Kesho akainua kichwa. Sauti ile aliijua. Macho yale, yanayotazama juu kidogo ya kichwa cha mwenzio, aliyajua pia, maana ni yake.

"Bado vifungo," akajisemea. "Mtu huyu hajakata hata kitambaa."

Hasira zikampanda, na haya zikamshika palepale. Njia nzima ya kurudi aliwaza swali moja: katika wateja wake wote, nani aliwahi kumshinda? Waliopiga kelele hawakumshinda, aliwapoza kwa maneno. Waliolia aliwapa kiti na maji. Alishindwa na mmoja tu, mwalimu mstaafu, aliyesema kwa upole, "Sawa, fundi. Nionyeshe ulipofika." Suruali ya mwalimu ilikatwa na kushonwa siku hiyohiyo, mwenyewe amekaa hapo anasoma gazeti.

Siku ya kutembelea mahabusu akaenda na daftari lake la vipimo. Humo alikuwa amenakili tangazo la haki za washtakiwa lililobandikwa ukutani pale mahakamani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nisikilize, tuna dakika kumi. Safari hii hulii wala huombi huruma. Unamwambia hakimu una haki ya kusikilizwa bila kucheleweshwa pasipo sababu ya msingi. Kisha unaomba waonyeshe walipofika."

"Mimi nani, dada, wa kuiuliza serikali?"

"Wewe ndiye mwenye kitambaa. Haya, sema."

Akasema. Akarudishwa mwanzo, akasema tena, mpaka askari wa mlangoni naye akawa ameyakariri.

Mara ya arobaini na saba, mdogo mtu aliomba kusema. Neno halikumpotea. "Mheshimiwa, sikatai kushtakiwa. Naomba waonyeshe kilichofanyika tangu tarehe iliyopita."

Hakimu, mama mwenye miwani, akamgeukia mwendesha mashtaka. "Onyesha."

Jalada likafunguliwa. Kurasa zikafunuliwa kwenda mbele, zikafunuliwa kurudi nyuma. Kwa mwaka mzima hakuna shahidi hata mmoja aliyeandikwa maelezo. Hakimu akavua miwani. "Tarehe ijayo si ya kutajwa. Mlete mashahidi, la sivyo namwachia."

Siku zile kumi na nne Bi Kesho hakumdanganya mteja. Mama wa bibi harusi alipokuja kuulizia gauni, alimjibu, "Sijalikata. Kaa hapo, nalikata sasa." Yule mama nusura aanguke. Alishazoea vifungo.

Siku ikafika. Karani akasoma namba ya kesi. Mdogo mtu alipoisikia tu, akageuka kama alivyogeuka mara arobaini na saba, akamnyooshea askari mikono.

"Unakwenda wapi?" hakimu akauliza. "Shahidi wa kwanza yupo. Tunaanza."

Akabaki vilevile, mikono mbele, hajui aipeleke wapi. Askari hakutoa pingu, na mlangoni hakuna aliyemngoja.

Bi Kesho akasahau alipo, akasimama benchi la nyuma. "Geuka, mdogo wangu," akamwambia. "Leo wanakusikiliza."

Wakamwamuru akae. Akakaa.