Jiwe la Mama Sagesse

Watu wa Yeoville, kitongoji cha wahamiaji kusini mwa Afrika, wanajua kumlilia mgonjwa, na kumzika maiti wanajua zaidi. Watachanga, watapika, watakesha, watagombana hata juu ya nani abebe jeneza. Lakini aliyepona hawana habari naye. Aliyepona hupigiwa makofi siku moja, huambiwa ashukuru, kisha hutarajiwa kurudi kazini kama mtu aliyeugua mafua.

Angélique Nabintu, fundi wa nguo wa mtaa wa Rockey, alipigiwa makofi mwanzoni mwa mwaka 2017. Alikuwa amemaliza matibabu ya saratani ya titi: upasuaji, kemo, kisha mionzi, yote katika hospitali ya serikali ambako foleni huanza kabla jua halijachomoza. Daktari alimwambia hawaoni kitu tena, arudi baada ya miezi mitatu wamtazame. Angélique alikuwa mjane kutoka Bukavu, mwenye binti mmoja, Sagesse, ambaye ndiye aliyempa jina analoitwa na wote, Mama Sagesse. Aliamini kwamba usiku ule atalala fofofo. Hakulala. Wala usiku uliofuata.

Kila kikohozi kilikuwa kansa. Maumivu ya mgongo, ambayo hakuna fundi wa cherehani asiyekuwa nayo, yalikuwa kansa. Alikata suruali ya mteja mguu mmoja ukawa mfupi kuliko mwingine, na mteja alipolalamika akamfokea. Kanisani, spika zilipounguruma, moyo ulimwenda mbio, jasho likamtoka, ikabidi atoke nje asimame kwenye maegesho ya magari ameshika ukuta. Mwanakwaya mmoja alimfuata pale.

"Mama Sagesse, si umepona? Unaogopa nini tena? Au imani imepungua?"

Angélique alitamani kumzaba kofi. Hakumzaba. Aliacha tu kwenda kanisani, Sagesse akabaki kwenye kwaya.

Muuguzi wa kliniki ndiye aliyemsikiliza, mama mmoja wa Kizulu asiye na maneno mengi. "Mwili umemaliza vita," alimwambia, "lakini kichwa bado kinapigana. Toka nje. Tembea. Kaa mahali penye majani na upepo, mbali na makelele. Sisemi haya kukufurahisha, mama. Haya ni matibabu pia."

"Nitembee wapi, sista? Kwetu watu wanatembea na simu ndani ya soksi."

"Utapaona. Mtu akitaka kupaona, hupaona."

Mahali pakaonekana juu ya kilima cha mawe kinachoinuka nyuma ya nyumba za Yeoville. Mwanamke hapandi pale peke yake, vibaka watamvua hata viatu. Lakini asubuhi za Jumatano na Jumapili walipanda Wapostolo, wanaume na wanawake wa kanzu nyeupe, kuomba chini ya anga. Vibaka hawakuwagusa. Si kwa heshima: Wapostolo wengi hutembea na fimbo. Basi Angélique akawa anapanda nyuma yao, anakaa mbali kidogo, macho yao yanamwona na sauti zao hazimsumbui. Akachagua jiwe moja kubwa lenye mgongo mpana unaoelekea mashariki, jua likimpiga usoni.

Na hapa lazima isemwe waziwazi, maana uongo wote uliofuata ulizaliwa hapa: Angélique hakwenda kuomba. Alikwenda kutukana. Aliegemea lile jiwe akautukana ugonjwa kwa Mashi, lugha ya mama yake, matusi ambayo hakuwahi kuyatamka mbele ya mtoto. Alitukana mpaka pumzi ikamwishia. Pumzi ilipoisha, ndipo alipoanza kuona. Aliona mishubiri iliyosimama kati ya mawe na maua yake mekundu, katikati ya baridi, nyasi zote zimekauka. Aliona upande wa kaskazini miti ya vitongoji vya matajiri, mingi kama msitu. Akatembea ukingo wote wa kilima mpaka miguu ikauma maumivu ya kawaida, ya mtu mzima wa afya. Siku zile alizopanda, usiku alilala. Zikapita wiki nyingi, suruali zikaanza kutoka mikononi mwake miguu ikilingana.

Jumapili moja ya Julai 2018 alikuwa amekaa juu pale, bado anahema, alipomwona msichana akipanda kwa shida, kitambaa kimefungwa hadi kwenye nyusi, chupa ya maji mkononi. Alikuwa Murielle, msusi anayesuka kwenye kibaraza karibu na soko, muumini wa kanisa lile lile. Midomo yake ilikuwa imepasuka.

"Yaya Angélique," alisema, akimwita dada mkubwa kwa desturi ya kwao, akakaa chini bila kukaribishwa. "Nionyeshe jiwe."

"Jiwe gani?"

"Lako. Lile ulilopona juu yake." Akainua chupa. "Nimefunga siku tatu. Pasta alisema nifunge kwanza, ndiyo niweke mkono pale ulipoweka wewe."

Angélique alimtazama kama mtu aliyezungumzishwa Kichina. "Nani amekwambia mimi nilipona kwenye jiwe?"

"Pasta Ezéchiel. Si anasema kila Jumapili? Madaktari walikushindwa, ukaacha dawa zao, ukapanda mlimani, ukaomba, titi likapona bila kisu." Alisema hivyo bila kigugumizi, kama mtoto anayesoma somo alilolikariri. "Na mimi nina la kwangu, yaya. La kushoto."

"Hospitali wanajua?"

"Wanajua. Walinianzishia kemo." Murielle akainamisha uso. "Nilikwenda mara mbili, nywele zikatoka. Yaya, mimi msusi! Wateja wananiangalia kichwa, wanapita kwa jirani. Mmoja alicheka kabisa, akasema msusi gani anauza asichokuwa nacho. Pasta akaniambia, mbona Mama Sagesse hakupitia aibu hii? Basi nikaacha."

"Umeacha tangu lini?"

"Tangu Mei."

Hasira ina ngazi zake, na Angélique alizijua zote. Lakini hii ilikuwa mpya. Kumbe alipokuwa anatetemeka maegeshoni, kuna mtu aliona faida. Alipokuwa anapanda kilima kutafuta usingizi, kuna mtu alikwishatunga hadithi. Anayesema uongo kwa jina lake mwenyewe ni mwongo. Anayesema uongo kwa mwili wa mwenzake ni mwizi, na huyu aliiba kidonda, akaenda kukiuza kwa msichana mwenye kidonda.

Kabla hajafungua mdomo, jenereta ilisikika ikikohoa chini ya kilima. Kisha wakatokea: vijana wawili wamebeba spika, akina mama wa kanisa na vitenge vyao vya sare, kwaya, na mbele yao Pasta Ezéchiel ndani ya suti ya buluu, viatu vyake vikiteleza kwenye changarawe. Wapostolo waligeuka wakatazama makelele yale, wakakunja uso, wakasogea mbali.

"Haleluya!" Pasta alipaza sauti kwenye maikrofoni. "Mwenye jiwe mwenyewe ametutangulia! Mama Sagesse, simama uwashuhudie watu wa Mungu!"

Angélique alisimama. Maikrofoni aliyonyooshewa hakuipokea.

"Pasta, madaktari walinishindwa lini?"

Pasta alishusha maikrofoni, akatabasamu. "Mama, mambo hayo tutaongea ofisini."

"Spika umeileta huku, si ofisini. Walinishindwa lini?"

"Daktari ni chombo tu, dada yangu. Utukufu ni wa Mungu."

"Mpe! Nani amekukataza? Lakini mbona chombo unakificha? Waliokaa na mimi miezi ile yote umewafuta. Hospitali hakuna, kisu hakuna, dawa hakuna. Kwenye hadithi yako amebaki nani? Wewe na jenereta."

Mtu mmoja alicheka nyuma, akanyamazishwa. Mama Gaston, mkuu wa akina mama, alijipenyeza mbele. Ndiye aliyemletea Angélique sombe, mboga ya majani ya muhogo, kila Jumamosi wakati wa kemo, na haki yake ya kumsema ilikuwa kubwa.

"Eh, Mama Sagesse! Ukinyamaza unapungukiwa nini? Watu wanapata imani."

"Mimi sipungukiwi, Mama Gaston. Anayepungukiwa ni huyu. Mwangalie. Ameacha dawa tangu Mei kwa sababu yangu, na mimi sikujua."

"Pasta hakumlazimisha."

"Hakumlazimisha. Alimkuta na aibu, akaipa jina la imani."

"Sasa unapigana na Mungu," alisema Pasta Ezéchiel, na tabasamu lilikuwa limekwisha. "Angalia usije ukarudishiwa ulichoondolewa."

Angélique aliingiza mkono chini ya kitenge, ndani ya blauzi, akatoa kifuko cha kitambaa laini, cha mviringo, kilichojazwa pamba na mtama kidogo ili kiwe na uzito. Alikishona mwenyewe, maana vya dukani havikuwa vya mfuko wake. Akakiweka juu ya jiwe, mbele ya kanisa lote.

"Bila kisu?" aliuliza. "Hili ndilo titi lililopona bila kisu. Nimelishona kwa cherehani yangu. Kisu kilipita kuanzia hapa mpaka kwapani, na kama kisingepita mngekuwa mmenizika, mkala wali, mkasahau. Yeyote anayesema niliacha dawa, aseme mbele ya hiki."

Akina mama wengine walifunika midomo. Kijana aliyeshika spika aligeuza uso. Pasta akafanya kile anachofanya mtu aliyeishiwa maneno lakini hajaishiwa umeme: akaanzisha wimbo. Kwaya ilisitasita, kisha ikafuata. Kilima kikajaa mngurumo. Mkono wa Pasta ukashuka juu ya kichwa cha Murielle.

Angélique alichuchumaa mbele ya msichana, karibu kabisa, ili asikike. Murielle hakumwangalia usoni. Alikuwa anakitazama kile kifuko.

"Na nywele zako, yaya?"

"Zilitoka zote. Nyusi pia."

"Wateja?"

"Wengine walikimbia. Tulikula ugali kwa chumvi, mimi na Sagesse. Lakini tulikula, Murielle. Nilikuwepo, nikala."

"Naogopa ile dawa."

"Mimi naiogopa mpaka leo. Nikisikia harufu ya ule ukumbi wa kemo natapika." Akakichukua kifuko chake, akakirudisha mahali pake. "Kilemba nitakushonea, kizuri kuliko nywele za wale wanaokucheka. Lakini siwezi kukubeba mgongoni. Wewe ni mtu mzima. Mimi nashuka."

Akashuka. Hakugeuka, maana alijua akigeuka atarudi, na akirudi atampiga Pasta. Sagesse alitoka kwenye kwaya akamkimbilia, bado na tari mkononi.

"Ulijua?" Angélique alimuuliza.

"Eish, mama. Kila mtu alikuwa anapiga makofi. Nilidhani wewe na Pasta mmekubaliana."

"Ulikuwa unanikanda mgongo nikitapika, Sagesse! Ulidhani tumekubaliana nini?"

Sagesse akaibana tari kwapani isilie, akatembea kando yake. Walikuwa wamefika kwenye nyasi zilizoungua Angélique aliposikia changarawe zikiporomoka nyuma yake, na hatua za mtu dhaifu anayejitahidi asianguke. Hapo ndipo alipopunguza mwendo.

Jumatatu Angélique na Murielle walipanga foleni hospitalini tangu gizani. Muuguzi wa mapokezi alimgombeza Murielle kwa Kiingereza na Kizulu, na alistahili kugombezwa. Kisha akamwita ndani. Angélique hakuweza kukaa kwenye ukumbi ule. Alitoka nje akazunguka bustani ndogo ya hospitali, penye ukoka wa kahawia na mijakaranda iliyopukutisha majani, akazunguka tena na tena mpaka mlinzi akamuuliza kama amepoteza kitu.

"Nimepoteza jiwe," alimjibu, na hakutania. Alfajiri ile, walipokuwa wanasubiri teksi, Murielle alimwonyesha picha kwenye simu: waumini wamelizungushia jiwe chupa za maji matakatifu, na mtu ameandika juu yake JIWE LA MAMA SAGESSE kwa rangi nyeupe. Asingekaa pale tena. Angetafuta pengine kwenye kilima kile, karibu na mnara wa maji usiopendeza macho, ambapo hakuna atakayetaka kujenga madhabahu. Na kama wangemfuata huko, angehama tena. Lakini kunyamaza asingenyamaza. Jumapili ijayo angesimama kwenye lango la kanisa, nje, mbali na spika, na kila mama mwenye uvimbe angemwambia kwa mdomo wake palipopita kisu.

Murielle alitoka wakati jua limekwishapasha ukuta joto. Macho yalikuwa mekundu.

"Wanasema uvimbe umekua," alisema. "Wanasema ningekuja Juni ingekuwa afadhali. Wanapima upya, halafu kemo Alhamisi. Hawaniahidi kitu, yaya."

"Hata mimi hawakuniahidi."

Murielle alijifunga kitambaa vizuri, akamtazama kwa pembeni. "Bado umekasirika?"

"Sana."

"Umenikasirikia na mimi pia?"

"Wewe pia. Alhamisi nitakuja na wewe, na nitakuwa bado nimekasirika." Angélique alitazama barabara, teksi zikipiga honi kwenye robot, zile taa za barabarani, kisha akatazama njia ya waendao kwa miguu, inayopita chini ya miti. "Una nguvu za kutembea?"

"Kidogo."

"Basi tutembee hicho kidogo. Ukichoka tutapanda teksi."

Wakaondoka polepole upande wa jua.